Watoto, Poda na Jukwaa

Karatasi ilikuja nyumbani siku ya Jumatatu, imekunjwa mara nne ndani ya begi la mpwa wangu. Ni binti wa dada yangu, ana miaka sita, anamaliza chekechea. Karatasi ilisema kwamba siku ya mahafali watoto watacheza dansi, kisha wataigiza hadithi ya Sungura na Fisi. Kwa hiyo kila mzazi wa mtoto wa kike alete poda, wanja, rangi ya mdomo na rangi ya kucha. Wazazi wa watoto wa kiume walitakiwa kuleta soksi nyeupe tu.

Mama akaisoma, akavua miwani. "Mtoto wa miaka sita rangi ya mdomo ya nini? Anaolewa?"

Dada akajibu kwa upole, maana kwa Mama hakuna njia nyingine. "Mama, jukwaani sura haionekani bila rangi. Hata kwenye TV wanapakwa, wanaume kwa wanawake."

"Hilo turubai la shuleni ndiyo TV?"

Wakanigeukia mimi. Eti mimi ndiye mwandishi wa michezo ya kuigiza humu ndani. Ukweli, ndugu msomaji, michezo yangu iliyowahi kuchezwa ni miwili, mmoja mbele ya watu wasiozidi 40, na katika yote miwili sikujiuliza hata siku moja kwa nini tunapaka rangi usoni. Tulipaka kwa sababu waliotutangulia walipaka. Nikawaambia wanipe siku chache. Nikaenda kusoma, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Nianze na hoja ya dada, maana ina ukweli ndani yake. Jukwaa lina maadui wawili wa uso: umbali na taa. Zamani kumbi za Ulaya ziliwashwa kwa mishumaa na taa za mafuta, na katika giza lile mwigizaji ilimbidi ajichore ili macho yake yaonekane. Mwaka 1817 ukumbi wa Drury Lane wa London ukaanza kutumia taa za gesi. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy, London hiyo hiyo, ukawashwa umeme. Hapo tatizo likageuka: mwanga ukawa mwingi mno. Taa kali ikikupiga kwa mbele inafuta vivuli vyote vya uso, pua inalala, macho yanazama, na mtu wa kiti cha nyuma anaona kitu kama chapati. Hata kabla ya umeme huo, mwimbaji mmoja wa opera wa Ujerumani, Ludwig Leichner, alifungua biashara Berlin mwaka 1873 ya kutengeneza rangi za mafuta kwa ajili ya waigizaji. Rangi ya jukwaani basi si urembo. Ni chombo cha kazi, kama kipaza sauti. Kipaza sauti kinasaidia sauti ifike nyuma, na rangi inasaidia uso ufike nyuma.

Sasa pima hoja hiyo kwa mahafali yetu. Saa tisa alasiri, jua la Dar es Salaam, turubai limefungwa kwenye mwembe na nguzo tatu za chuma. Mstari wa mbele wa wazazi uko hatua tano kutoka kwa watoto, na wengi hawakai hata hapo, wanasimama na simu zao mpaka puani kwa mtoto. Hakuna umbali na hakuna taa. Hoja ya dada ni ya kweli, ila si ya pale.

Nikajiuliza, je, watoto walianza lini kupakwa? Nikakuta kwamba huko London, zaidi ya miaka 400 iliyopita, watoto walikuwa ndio roho ya jukwaa. Wanawake hawakuruhusiwa kuigiza katika kumbi za biashara za Uingereza mpaka mwaka 1660. Kwa hiyo kila Juliet na kila Cleopatra wa Shakespeare, katika uhai wa mwandishi mwenyewe, alikuwa mvulana aliyevishwa gauni na kupakwa uso. Tena yalikuwepo makundi ya watoto watupu. Moja lilikuwa la watoto waimbaji wa kanisa la malkia, lililoanza kucheza ukumbi wa Blackfriars mwaka 1600, na watu wa mjini walilipa pesa nzuri kuwatazama.

Watoto wenyewe walipatikanaje? Hapa ndipo niliposimama kusoma, nikatoka nje kupunga upepo. Mkuu wa waimbaji alikuwa na hati ya malkia ya kuchukua watoto wenye sauti nzuri popote nchini kwa ajili ya kwaya. Wenye kundi wakaitumia hati ile kukusanya waigizaji. Desemba 1600 walimkamata njiani mtoto wa miaka 13, Thomas Clifton, akiwa anakwenda shule. Baba yake, Henry Clifton, alikuwa mtu mwenye uwezo. Alihangaika mpaka akamtoa, kisha mwaka 1601 akapeleka mashitaka mahakamani, akataja na majina ya watoto wengine waliochukuliwa namna ile. Mmoja wao ni Salomon Pavy. Huyu hakuwa na baba mwenye uwezo, au kama alikuwa naye hatumsikii. Sifa yake ilikuwa kuigiza wazee. Mtoto mdogo, lakini akitokea jukwaani kama mzee, watu wanasadiki. Alifariki mwaka 1602, akiwa na umri wa miaka kama 13. Mshairi Ben Jonson alimwandikia shairi la maziko, na fikra yake ni kwamba mauti yalidanganyika, yakadhani mtoto yule ni mzee kweli.

Ni fikra nzuri sana ya kishairi. Lakini mimi nilibaki nawaza uso wa mtoto yule na aliyekuwa akiupaka. Hakuna mahali nimeona imeandikwa kwamba aliulizwa.

Na nini kilikuwa ndani ya rangi za zama zile? Rangi nyeupe ya uso iliyosifika kuliko zote ilitengenezwa kwa kuozesha madini ya risasi kwa siki. Ndiyo, risasi hiyo hiyo ya bunduki. Nyekundu kali ya mashavu ilitoka kwenye madini ya zebaki. Watu walijipaka sumu wakitafuta ngozi laini, na ngozi ikiharibika wanaongeza tabaka lingine juu.

Usidhani ni Wazungu peke yao. Japani wana mchezo wao wa jadi uitwao kabuki, ambamo wanaume huigiza pia nafasi za wanawake, nyuso nyeupe pe! Kwa karne nyingi weupe ule ulikuwa wa risasi. Mwaka 1887 kabuki ilichezwa mbele ya Mfalme Meiji, na mwigizaji mashuhuri Nakamura Fukusuke akaonekana mguu unamtetemeka pale pale jukwaani. Ilikuwa sumu ya risasi, iliyoingia mwilini mwake kwa poda ya kazi yake. Watu wakaanza kuhoji poda ile. Lakini pigo kubwa lilikuwa kwa watoto ambao hata jukwaa hawakuwahi kulikanyaga. Kulikuwa na maradhi yaliyoua watoto wachanga Japani, yanafanana na homa ya uti wa mgongo, na hakuna aliyejua chanzo chake. Mwaka 1923 daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Ikutaro Hirai, akakipata: poda ya mama zao. Mtoto ananyonya, anagusa shavu la mama, anagusa shingo ya mama, anatia vidole mdomoni.

Hiyo ilinigusa kuliko yote, maana ilinirudisha nyumbani kwetu.

Mama ni mtu wa Mikindani. Sisi sote, tangu kaka mkubwa mpaka mimi kitinda mimba, tulichorwa nyusi kwa wanja tukiwa na siku chache tu duniani, na ndani ya jicho tukatiwa, ili macho yawe makubwa na husuda ya watu ikwepe. Kichupa chenyewe kipo mpaka leo, na kijiti chake. Mpwa wangu huyu naye alipakwa kutoka humo. Sasa wanja wa jiwe, ule unaosagwa, mara nyingi sana hutoka kwenye jiwe lenye risasi. Na Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima aliyeipata kutoka mahali pale pale, na kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Nilimweleza Mama jioni, dada akiwa jikoni. Nilichagua maneno kama mtu anayevuka barabara ya Morogoro saa kumi na moja. Alinyamaza muda mrefu.

"Kwa hiyo nimewalea kwa sumu?"

"Hapana, Mama. Jiwe la kichupa chako hatulijui. Nasema tu kwamba wengi hawakujua."

"Mama yangu alinipaka mimi. Na mama yake alimpaka yeye." Akainuka, akakichukua kichupa kwenye meza ya vioo, akakifungia kabatini. Hakukitupa. Sikumwambia akitupe.

Lakini Mama hakuwa amemaliza. Kesho yake alinipa somo lake mwenyewe, na naliweka hapa kwa sababu halimo katika vitabu nilivyosoma. Alisema kwao Mikindani, alipokuwa mdogo, ngoma ya mapiko ya Wamakonde ilipokuja, watoto walikimbia. Mapiko ni kinyago cha kichwa kizima, na anayekivaa ni mwanamume aliyekwisha pita jando. Asiyepita jando haruhusiwi kujua kuna nani ndani. "Uso mwingine," Mama alisema, "huvai mpaka ufike." Hali kadhalika mwali wa unyago. Anafunzwa ndani, na siku ya kutolewa ndipo anapopambwa, watu waone amevuka. Mapambo yanatangaza kitu.

Nikakumbuka vijana wa Kimasai tunaowaona kandokando ya barabara wakiwa wamevaa nyeusi na nyuso zao zimechorwa kwa rangi nyeupe. Ile nayo si pambo la picha ya mtalii, ingawa watalii wanaipiga. Inasema: huyu ametahiriwa, si mtoto tena, na bado hajawa moran.

Hapo nikaanza kuona kwa nini karatasi ile ilimkera Mama bila yeye kuwa na neno la kuielezea. Katika mila zake rangi usoni inasema umri. Ukimpaka binti wa miaka sita mdomo mwekundu unatangaza jambo ambalo si kweli.

Lakini ngoja. Tusikimbilie kusema "mila zetu" halafu tukafunga mjadala, maana nchi hii imewahi kuufunga namna hiyo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969: marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, krimu za kung'arisha ngozi. Mashindano ya urembo nayo yakasimama, hayakurudi mpaka 1994. Krimu zile zilistahili kukemewa, sibishi. Ila vijana wa kiume waliingia mitaani kuwasaka dada zao kwa sababu ya nguo, na walioulizwa maoni kuhusu miili ya wasichana hawakuwa wasichana. Ukiitazama vizuri, ni kama ile hati ya malkia: mwenye mamlaka anaamua, mwenye uso anapokea.

Kwa hiyo swali langu likawa si rangi au si rangi tu. Ni nani anaamua, na rangi ile inamgeuza mtoto kuwa nani.

Uingereza wenyewe walichelewa kufika hapo. Ellen Terry, aliyekuja kuwa mwigizaji mkubwa kuliko karibu wote wa zama zake, alipanda jukwaani London mwaka 1856 akiwa na miaka tisa. Hakuna sheria iliyomzuia wala iliyomlinda. Mpaka mwaka 1889 ndipo Bunge lao lilipopitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa watoto: chini ya miaka 7 hakuna kuigiza kwa pesa, na kuanzia 7 hadi 10 lazima kibali. Kulikuwa na watu wazima walioipinga kwa hoja kwamba watoto wanafurahi jukwaani. Na ni kweli, wanafurahi! Mimi mwenyewe nilifurahi, nilipokuwa darasa la tatu, nikipakwa masizi na kuvikwa ndevu za pamba niwe babu. Sijawahi tena kujisikia mkubwa kama siku ile.

Basi nikaenda kumuuliza mwenyewe, mpwa wangu. Nilijiona mwerevu sana.

"Unataka kupakwa rangi ya mdomo siku ya mahafali?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa nini?"

"Wenzangu wote watapakwa."

Mwerevu kaishiwa. Nilikuwa nimejenga hoja nzima juu ya kumuuliza mtoto, na mtoto amejibu. Nikakaa pale kwenye ngazi pamoja naye. Kisha, kwa kukosa la kusema, nikamuuliza anaigiza nani kwenye hadithi.

"Mimi fisi."

"Fisi anapaka rangi ya mdomo?"

Alicheka mpaka akalala sakafuni. Akainuka, akaanza kuchechemea uani na mgongo umepinda, anacheka kile kicheko cha fisi, kuku wa jirani wakatawanyika. Akaniambia fisi ana madoa, na pua nyeusi, na mdomo mchafu kwa sababu anakula mifupa na habanduki. Alikuwa amekwisha uchora uso wote ule kichwani mwake. Hakuna mtu mzima aliyemsaidia.

Nadhani hapo ndipo nilipoielewa historia yote niliyosoma. Wale wavulana wa London walipakwa ili wawe kitu wasichokuwa: malkia, mzee, mchawi. Waliowamiliki waliwadhulumu, na rangi zenyewe zilikuwa sumu, lakini mchezo wenyewe ulikuwa mchezo. Mtoto alitoka ndani ya uso wake akaingia mwingine, na pazia likishuka anarudi. Karatasi ya mahafali haikuwataka watoto wa kike wawe kitu kingine. Iliwataka wawe wanawake, yaani kile ambacho mtaani watalazimishwa kuwa baada ya miaka michache, mapema kuliko wanavyotaka. Wavulana waliachiwa nyuso zao, wakaambiwa soksi. Huo si uigizaji, jamani. Ni mazoezi.

Dada alikwenda kuongea na mwalimu. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alichoka tu, ana watoto 31. Alimwambia, "Asiyepakwa atalia, na mtalia naye nyinyi."

Tulifanya hivi. Tulisaga mkaa, tukachanganya na mafuta ya nazi, tukampaka kidogo kwenye mkono siku moja kabla tuone kama ngozi itawasha. Haikuwasha. Wanja hatukugusa.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalikwenda kama hadithi. Dansi ilikuwa kwanza. Mpwa wangu alikuwa msichana peke yake mwenye mdomo wake wa kawaida. Nilimwona mstari wa nyuma akiwatazama wenzake midomoni, mmoja mmoja, akasahau hatua mbili. Dada alinikazia macho. Mama alitazama mbele. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda mjadala kwa gharama ya mwingine, na mpaka leo sina hakika kwamba tulifanya sawa. Mwalimu alikuwa amesema kweli: angalau mmoja wetu alikaribia kulia.

Kisha ikaja hadithi. Tulikuwa tumempaka haraka haraka nyuma ya turubai, yeye akitoa amri: doa hapa, mjomba, na hapa. Akatokea. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele alipiga kelele akajificha kwenye kanga ya mama yake, halafu turubai zima likacheka, na fisi akaona amepata watu, akaongeza kuchechemea. Wale wasichana wenzake wenye midomo mekundu, waliokuwa miti na maua, walisahau kwamba wao ni miti. Wakageuka kumtazama.

Usiku alikataa kunawa. Alilala na madoa, na asubuhi Mama alimfuta taratibu kwa ncha ya kanga na mafuta ya nazi.

Nawaandikia nyinyi mnaoandika, au mnaotaka kuandika. Mwaka 1996 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mbele, walianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walipanda jukwaani kusema wenyewe yanayowasibu shuleni. Uzito wao ulikuwa katika waliyoyasema. Lakini watoto wa chekechea hawawezi kujiandikia mchezo. Wanategemea sisi, na sisi tunawapa wavulana Sungura, Simba na Mfalme, wasichana tunawapa kuwa maua. Ua halina la kufanya jukwaani ila kupendeza, na hapo ndipo rangi ya mdomo inapoingilia.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mama na dada ni hili. Mtoto apakwe rangi, ikiwa tunajua ndani yake mna nini, ikiwa inaoshwa siku ile ile, na ikiwa inamfanya kuwa mtu au mnyama wa ndani ya mchezo. Vinginevyo uso wake unatosha. Na sisi wenye kalamu tuwaandikie watoto wa kike mafisi.